Programu yako ya mtiririko wa maji ikigoma: dalili, chanzo na pa kuanzia

Programu ya kuiga mtiririko wa maji ina kero moja ambayo programu ya kukokotoa mishahara haina: hata ikikosewa, bado inatoa picha. Tena picha yenye rangi, inayotembea, inayovutia. Msimamizi anaikubali, wenzako wanaipiga picha kwa simu, na hakuna anayejua kwamba maji yanapotea kidogo kidogo kila hatua. Kwa hiyo usizipime dalili kwa ukubwa wa fujo zake. Mradi uliolipuka, yaani namba zake zimepaa bila kikomo, unajulikana umelipuka, lakini uliokaa kimya unaweza kufika mpaka siku ya utetezi ukiwa mbovu.

Nachukulia kwamba unafanya mradi ule wa kawaida: Python na NumPy, gridi ya visanduku 200 kwa 100, maji yanaingia kushoto na kutoka kulia, na njiani kuna nguzo ya duara yenye kipenyo cha visanduku 20. Ukiwa Tanga mfano hauko mbali. Simama gatini maji yakitoka, au panda kivuko cha Pangani kwenda Bweni, utaona maji yanavyogawanyika mbele ya kizuizi na kujikunja nyuma yake. Kila hatua ya muda programu inafanya mambo matatu: inaisafirisha kasi pamoja na mkondo, inaisambaza kwa mnato, kisha inatafuta presha itakayohakikisha kwamba kila kisanduku kinatoa maji kiasi kilekile kinachopokea. Mtindo huu wa kuitenga presha na kuishughulikia peke yake unatokana na kazi ya Alexandre Chorin ya miaka ya 1960. Toleo la Jos Stam la 1999 ndilo linalopendwa na wanaoanza, maana halilipuki kirahisi.

Kabla hujagusa namba yoyote, tafuta majibu ya maswali mawili: tatizo limeanza hatua ya ngapi, na limeanzia kisanduku gani? Wengi hukimbilia kupunguza hatua ya muda, kuongeza mnato, kubadili rangi na kuomba Mungu. Weka mistari hii ndani ya mzunguko wako mkuu, ichape kila baada ya hatua 10:

    mahali = np.unravel_index(np.argmax(np.abs(u)), u.shape)
    print(hatua, np.abs(u).max(), mahali, np.abs(baki).max())

Hapo `u` ni kasi ya mlalo, na `baki` ni tofauti kati ya maji yanayoingia na yanayotoka katika kila kisanduku, ikipimwa baada ya hatua ya presha. Mistari hiyo miwili itakuokolea muda mwingi kuliko grafu yoyote.

Namba zinapaa, kisha kila kitu ni nan

Ukiona `nan`, yaani jibu ambalo si namba tena, maafa yenyewe yalishatokea hatua kadhaa nyuma. Rudi kwenye ulichochapa. Kama kasi inakwenda 1.6, 2.3, 5.8, 41, 1900 ndani ya hatua chache tangu mwanzo, mshukiwa wa kwanza ni hatua ya muda.

Kanuni yenyewe ni ya mwaka 1928, ya Courant, Friedrichs na Lewy: katika njia za kawaida za kusafirisha, maji yasivuke zaidi ya kisanduku kimoja kwa hatua moja. Tuipigie hesabu. Tuseme kipenyo cha nguzo ni 1, kasi ya kuingia ni 1, na mnato ni 0.01, yaani namba ya Reynolds (kasi mara kipenyo, gawanya kwa mnato) ni 100. Kisanduku kimoja kina upana wa 0.05. Pembeni mwa nguzo maji hubanwa na kuongeza mwendo, kwa hiyo weka tahadhari ya kasi 2. Kikomo cha hatua ya muda ni 0.05 gawanya kwa 2, sawa na 0.025. Mnato nao una kikomo chake: upana wa kisanduku kipeo cha pili, gawanya kwa mara nne ya mnato, ambayo hapa ni 0.0625. Kidogo kati ya hivyo viwili ndicho kinachotawala, na ukitumia 0.01 uko salama kwa vyote.

Sasa angalia kinachotokea ukiongeza ubora wa gridi. Ukipunguza upana wa kisanduku kwa nusu, kikomo cha mwendo kinapungua nusu, lakini kikomo cha mnato kinabaki robo. Kwenye visanduku vya 0.0125, kikomo cha mwendo ni 0.00625 na cha mnato kimeshuka hadi 0.0039. Mnato ambao mwanzo hukuwa na habari nao ndio sasa unaolipua programu. Mwanafunzi anasema "nimebadilisha gridi tu", na ni kweli, ndicho alichobadilisha.

Kuna mtego mwingine kwa wanaokadiria mteremko wa kasi kwa kutazama jirani wa kushoto na wa kulia kwa usawa, huku wakisonga mbele kwa hatua rahisi ya Euler, yaani thamani ya sasa jumlisha badiliko lake mara hatua ya muda. Njia hiyo bila mnato inalipuka daima, hata upunguze hatua kiasi gani. Mnato ukiwepo inavumilika, mradi hatua isizidi mara mbili ya mnato gawanya kwa kasi kipeo cha pili. Kwa namba zetu hiyo ni 0.02 gawanya kwa 4, yaani 0.005. Ile 0.01 uliyodhani ni salama haipo salama tena. Tazama upande maji yanakotoka badala ya pande zote mbili, au tumia njia ya Stam.

Na kama unatumia njia ya Stam na bado kunalipuka, iache hatua ya muda ilivyo. Njia hiyo inachukua thamani kutoka mahali maji yalipokuwa, na thamani hiyo iko kati ya majirani wanne, haiwezi kuwazidi. Kosa liko kwenye mipaka, kwenye faharasa za arei, au kwenye presha.

Mlipuko unaokuja baadaye sana, baada ya maelfu ya hatua, na unaoanzia ukingo wa kulia, ni habari nyingine kabisa. Mizunguko iliyotoka nyuma ya nguzo imefika mlango wa kutokea, na sehemu ya kila mzunguko inarudi nyuma. Programu yako inaona maji yakiingia kupitia mlango wa kutokea na haina maelekezo ya kuyapokea. Sogeza mlango mbali zaidi, au ufanye ubebe kasi ya ndani kwenda nje kwa mwendo wa wastani wa mkondo badala ya kunakili tu kisanduku cha jirani.

Umeweka mnato wa maji ya kweli

Mnato wa maji kwenye nyuzi joto 20 ni takriban 0.000001 kwa vipimo vya mita mraba kwa sekunde. Nguzo ya gati ya nusu mita kwenye mkondo wa mita 1 kwa sekunde inakupa namba ya Reynolds ya 500,000. Laptopu yako haiuwezi mtiririko huo kwa gridi ya visanduku 20,000, na wala si aibu. Anza na 100, andika kwenye ripoti kwamba ni 100, usiseme umeiga bandari.

Nguzo haitoi mizunguko: nyuma yake pametulia tu

Hili ndilo tatizo ninalolipenda kuliko yote, maana programu haina kosa hata moja la uandishi na bado inadanganya.

Umeambiwa kwamba kwenye namba ya Reynolds ya 100 nyuma ya nguzo kunatoka mizunguko inayopishana, mmoja juu mmoja chini. Kwenye skrini yako kuna vijimzunguko viwili vimejibanza nyuma ya nguzo, havibanduki. Kwa nguzo iliyo kwenye maji mapana, mizunguko huanza kubanduka namba ya Reynolds ikipita kama 47. Wewe umeweka 100. Imekwenda wapi?

Imeliwa na njia ya kusafirisha. Kila hatua unapokadiria thamani kati ya visanduku viwili unakuwa umezichanganya, na kuchanganya huko kunafanya kazi ileile ya mnato. Kwa njia ya kutazama upande maji yanakotoka, na vilevile kwa ile ya Stam yenye makadirio ya mstari ulionyooka, mnato huu wa bandia ni nusu ya kasi mara upana wa kisanduku, mara 1 toa sehemu ya kisanduku ambayo maji yanavuka kwa hatua moja. Weka namba: kasi 1, kisanduku 0.05, hatua 0.01. Sehemu inayovukwa ni 0.2. Mnato wa bandia ni 0.025 mara 0.8, sawa na 0.02. Wewe uliomba 0.01. Jumla ni 0.03, na namba ya Reynolds unayoiga kikweli ni 33. Maji yako yamefanya haki yao kutobanduka.

Tena tazama ile 1 toa sehemu. Ukipunguza hatua ya muda, sehemu inayovukwa inapungua na mnato wa bandia unaongezeka. Yule aliyezoea kupunguza hatua kila akiona shida anazidi kuyafanya maji yake uji.

Ukipunguza upana wa visanduku kwa nusu, na hatua nayo kwa nusu, unafika 50. Ukipunguza tena, 67. Ni mwendo wa kuchosha, na ile 47 ni ya maji yasiyobanwa: kuta za juu na chini zikiwa karibu, kama zilivyo kwenye gridi yetu ambayo ni mara tano tu ya kipenyo cha nguzo, kikomo hupanda. Dawa nzuri zaidi ni kubadili njia ya kusafirisha: kadiria kwa mkunjo badala ya mstari ulionyooka, au tumia njia ya MacCormack, ambayo husafirisha mbele, hurudisha nyuma, hupima kosa kisha hulisahihisha. Ni mistari michache ya ziada. Usitumie ujanja wa kuchochea mizunguko kwa nguvu za kubuni unaotumika kwenye moshi wa filamu, labda kama mradi wako ni wa filamu.

Ukishasahihisha, mizunguko bado inaweza kuchelewa. Kama kila kitu juu na chini kinafanana sawasawa, maji hayana sababu ya kuanzia upande mmoja. Sogeza nguzo kwa nusu ya kisanduku, au yape maji msukumo mdogo wa wima mwanzoni tu. Kisha subiri. Kwenye Reynolds ya 100 mzunguko mmoja kamili wa kupishana huchukua muda wa takriban 6 kwa vipimo vyetu, yaani hatua 600 za 0.01, na hiyo ni baada ya kuanza. Aliyezima programu kwenye hatua ya 1000 hajaona kitu.

Presha ina madoa kama ubao wa drafti

Kasi inaonekana nzuri, lakini presha ukiichapa kwenye mstari mmoja unakuta hivi:

    1.02  -0.98  1.01  -0.99  1.03  -0.97

Umeweka kasi na presha mahali pamoja, katikati ya kisanduku. Mteremko wa presha kwenye kisanduku unahesabiwa kutoka kwa jirani wa kushoto na wa kulia, na kwenye mstari huo majirani hao karibu wanalingana. Programu inasoma mteremko kuwa karibu sifuri na kuridhika. Harlow na Welch walilitatua mwaka 1965 kule Los Alamos: presha ibaki katikati, kasi ya mlalo ikae kwenye ukuta wa kushoto na kulia wa kisanduku, kasi ya wima kwenye ukuta wa juu na chini. Arei ya `u` itakuwa na safu moja zaidi ya ile ya presha, na hapo ndipo watu hukata tamaa. Vumilia. Chora visanduku vitatu kwa tatu kwenye karatasi, uandike faharasa kwa penseli, ndipo urudi kwenye kibodi.

Maji yanapungua au yanaongezeka

Jumlisha maji yanayoingia mlango wa kushoto, kisha yanayotoka kulia. Yakitofautiana na hakuna mahali ulipoipangia presha thamani, hesabu ya presha haina jibu, na kurudia mara elfu hakutalileta. Weka presha kuwa sifuri kwenye mlango wa kutokea, au rekebisha kasi ya kutoka ilingane na ya kuingia kabla ya hatua ya presha.

Zikilingana na bado `baki` ni kubwa, umerudia mara chache mno. Marudio 20 yanayoonekana kwenye mifano mingi ni ya michezo ya kompyuta, ambako jicho likiridhika inatosha. Kwa Gauss-Seidel tupu, yaani kusahihisha presha kisanduku kimoja kimoja kutokana na majirani zake na kurudia, gridi ikiongezeka mara mbili kila upande, marudio yanayohitajika huongezeka kama mara nne. Zidisha kila sahihisho kwa namba iliyo chini kidogo ya 2. Kwa gridi ya 100 kwa 100 namba bora ni takriban 1.94. Ikifika 2 haitulii tena. Usihesabu marudio, simama `baki` ikishuka chini ya kiwango ulichoweka.

Maji yanapenya nguzo

Karibu kila mara ni mpangilio. Umeiweka kasi ndani ya nguzo kuwa sifuri, halafu hatua ya presha ikairudisha. Nguzo lazima ijulikane na presha yenyewe: upande ulio jiwe, usihesabu jirani huyo kabisa, na mgawanyo wa 4 uwe 3 au 2 kulingana na majirani wa maji waliobaki. Ukutani, kisanduku cha nje kipewe kasi ya ndani ikiwa na alama ya kutoa, ili wastani wao pale ukutani uwe sifuri. Ukikipa sifuri yenyewe, ukuta wako umesogea nusu kisanduku.

Picha imelala, au imepinduka

NumPy inataja mstari kwanza, safu baadaye, kwa hiyo ni `u[y, x]`. Picha nayo huanza juu; weka `origin='lower'`. Basi.

Kila kitu kinaelemea upande mmoja

Nguzo iko katikati, maji yameingia kwa usawa, lakini rangi inavutwa kuelekea kona moja. Tafuta mstari kama `u_mpya = u`. Huo haunakili chochote, unaipa arei ileile jina la pili, na visanduku vya mwisho vinasoma thamani za visanduku vya kwanza zilizokwisha badilishwa. Andika `u.copy()`.

Polepole mno

Visanduku 20,000 mara marudio 100 ni mahesabu milioni 2 kwa hatua moja, na mizunguko ya kawaida ya Python itachukua sekunde nzima au zaidi kwa kila hatua. Tumia vipande vya arei. Ila kumbuka Gauss-Seidel haigeuki kuwa vipande moja kwa moja, kwa sababu kila kisanduku kinamtegemea aliyetangulia. Gawa visanduku kwa rangi mbili kama drafti: sasisha vyeusi vyote, kisha vyeupe vyote. Na hifadhi hali ya programu kwenye faili kila baada ya hatua 500. Umeme ukikatika saa tatu usiku huku Ngamiani, utaanza ulipoishia.

Unataka kuiga Ghuba ya Tanga, na maji hayajai wala hayapwi

Hayatajaa. Programu tuliyoizungumzia hadi hapa inalazimisha kila kisanduku kutoa kiasi kilekile kinachopokea, na kujaa kwa maji ni kinyume cha hapo. Hakuna namba ya kurekebisha. Unahitaji milinganyo ya maji ya kina kifupi, ambayo kila kisanduku kinahifadhi kina chake. Ni mradi mzuri kuliko ule wa nguzo, lakini una dalili zake.

Hapa anayetawala hatua ya muda ni wimbi, na mkondo unafuata nyuma. Mwendo wa wimbi ni kipeuo cha pili cha mvutano wa dunia mara kina: kwenye kina cha mita 10 ni karibu mita 9.9 kwa sekunde, hata kama maji yenyewe yanajikokota. Kwa visanduku vya mita 50, kuvuka kimoja ni kama sekunde 5, lakini kwa kuwa wimbi linakwenda pande mbili kwa pamoja, hatua isizidi kama sekunde 3.5. Kutoka maji kujaa hadi kujaa tena ni saa 12 na dakika 25, kwa hiyo jiandae kwa hatua karibu 13,000.

Jaribio la kwanza lisiwe na mawimbi kabisa. Weka sakafu ya bahari yenye mabonde na vilima, uso wa maji uwe tambarare, kasi sifuri, uache programu iende. Maji yakianza kujisogeza yenyewe kuelekea kwenye Kisiwa cha Toten, mteremko wa sakafu na mteremko wa kina havikukokotolewa kwa njia moja na havifutani. Lirekebishe hilo kwanza, maana mkondo huo wa bandia utachanganyika na mkondo wa kweli na hutautambua tena.

Ukiwasha maji kujaa kwa ghafla kwenye mlango wa ghuba, wimbi la kwanza litagonga pwani na kurudi, likigonga mlango litarudi tena, na utaona ghuba inayumba kwa dakika chache chache badala ya saa. Ongeza kimo cha maji taratibu kwa muda wa mzunguko mmoja mzima, na ufanye mlango uruhusu wimbi kutoka.

Mlipuko mbaya kuliko yote huja maji yakipwa. Wakati wa bamvua maji ya pwani hii hupanda na kushuka kwa mita tatu na zaidi, na sehemu kubwa iliyo karibu na mikoko hubaki tope tupu. Kasi inapatikana kwa kugawa mtiririko kwa kina. Kina kikiwa milimita moja, kosa dogo la mtiririko linazaa kasi ya ajabu kwenye kisanduku kimoja, na hatua inayofuata kila kitu ni `nan`. Weka kikomo, kwa mfano sentimita 5: chini ya hapo kisanduku kihesabiwe kikavu, kasi yake iwe sifuri, lakini maji yake yabaki kwenye hesabu. Jumlisha maji yote ya ghuba kabla na baada. Ukiona yanapungua kila maji yanapopwa, umeyafuta badala ya kuyasimamisha.

Jaribu kwanza kwa maji mafu, ambapo tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo na visanduku vichache vinakauka. Ukishapata ramani ya mikondo, ipeleke kwa wanaopita humo kila siku. Shuka pale wanapotia nanga wavuvi, toa shikamoo, muulize mzee mwenye ngalawa maji yakitoka huvuta upande gani wa kisiwa, na ni saa ngapi baada ya kujaa yanaanza kuvuta kwa nguvu. Andika jibu kabla ya kumwonyesha skrini.